Baiskeli Msituni: Historia ya Njia na Watu Wake

Sisi tuliosoma zamani tuliijua baiskeli kwa kazi zake. Ilibeba magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi, ilimpeleka mgonjwa zahanati, na mwalimu aliyekuwa nayo aliheshimiwa kijiji kizima. Tulipofika penye mlima tulishuka, tukasukuma. Kwa hiyo kijana wa leo akisema kwamba anakwenda kuendesha baiskeli milimani, kati ya miti na mawe, kwa furaha yake tu, baadhi ya wazee huona kuwa huo ni ukaidi, au ni nguvu nyingi zisizo na kazi.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya pande zote mbili, wazee na vijana. Mchezo wa baiskeli za milimani una historia yake, nayo inafaa kusomwa shuleni. Ndani yake mna mambo mawili yanayokwenda pamoja: chombo na njia. Chombo kilitengenezwa kwa muda mfupi, na mafundi wake wakasifiwa. Njia ndiyo iliyoleta ugomvi, kwa kuwa msitu una wenyewe na una watumiaji wengi. Nitajaribu kuonyesha kwamba waendesha baiskeli hawakuipata haki ya kupita kwa sababu ya mbio zao. Waliipata, pale walipoipata, kwa jembe na sepetu.

Askari Weusi wa Montana

Ni kawaida kusema kwamba mchezo huu ulianza California katika miaka ya 1970. Hata hivyo, baiskeli zilikwisha kupita kwenye njia mbaya kuliko hizo zamani sana. Mwaka 1897, katika jimbo la Montana huko Marekani, askari 20 wa Kikosi cha 25 cha Waendao kwa Miguu waliamriwa wasafiri kwa baiskeli kutoka Fort Missoula hadi mji wa St. Louis. Kikosi hicho kilikuwa cha Wamarekani weusi, ilhali ofisa wake, Luteni James Moss, alikuwa mzungu. Jeshi lilitaka kujua kama baiskeli yaweza kuchukua nafasi ya farasi, maana baiskeli haili majani wala haihitaji kunyweshwa maji.

Waliondoka tarehe 14 Juni, kila mmoja akiwa na bunduki, hema na chakula juu ya baiskeli yake. Walivuka milima katika mvua na theluji. Matope yalipowazidi, walizisukuma baiskeli kando ya reli. Walipofika kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska, jua liliwachoma na maji mabaya yakawaugua matumbo. Hata hivyo waliwasili St. Louis tarehe 24 Julai, baada ya siku 41 na safari ya kilomita zipatazo 3,000. Watu wa mji walitoka kwa wingi kuwalaki.

Jeshi halikuendelea na mpango huo. Mwaka uliofuata vilizuka vita kati ya Marekani na Hispania, na askari wale wakapelekwa Cuba. Lakini jambo moja lilikwisha kuthibitishwa: baiskeli ya kawaida, ikiwa mikononi mwa mtu mwenye moyo, yaweza kupita pasipo barabara. Ilikuwa imebaki kuitengeneza ili ifanane na kazi hiyo.

Mafundi wa Marin

Kaskazini ya San Francisco, ng'ambo ya daraja la Golden Gate, iko wilaya ya Marin. Ni nchi ya vilima vya majani makavu, mabonde ya miti mirefu, na Mlima Tamalpais wenye kimo cha mita zipatazo 785. Wazima moto walikwisha kuchonga barabara za udongo milimani humo ili waweze kuufikia moto wa msitu upesi. Katikati ya miaka ya 1970 vijana kadhaa wa huko walianza kuteremka kwenye barabara hizo kwa baiskeli nzee.

Baiskeli zenyewe zilikuwa mikweche hasa. Nyingi zilitengenezwa na kampuni ya Schwinn katika miaka ya 1930 na 1940. Zilikuwa na fremu nzito na matairi manene, wala hazikuwa na giya. Vijana walizipata kwa bei ndogo sana, wakavua madigadi na kila kisichohitajika, wakaimarisha kilichobaki. Breki ilikuwa ile ya kurudisha pedeli nyuma, iliyomo ndani ya habu ya gurudumu la nyuma.

Tarehe 21 Oktoba 1976 yalifanyika mashindano ya kwanza kwenye mteremko mmoja karibu na mji mdogo wa Fairfax. Urefu wake ni kama kilomita tatu na nusu tu, lakini katika umbali huo mtu hushuka mita zipatazo 400. Mteremko huo ulipewa jina la Repack, na jina hilo lina sababu yake. Mtu akifunga breki njia nzima, habu hupata moto hata grisi iliyomo huyeyuka na kutoka moshi. Akifika chini hana budi kuifungua habu na kuijaza grisi upya, na kufanya hivyo kwa Kiingereza ndiko kunakoitwa jina hilo. Charlie Kelly ndiye aliyeyaandaa mashindano hayo. Washindani waliachiwa mmoja mmoja, na kila mmoja aliandikiwa muda wake. Gary Fisher aliweka muda wa dakika 4 na sekunde 22, na hakuna aliyeuvunja katika mashindano yale. Huyo Fisher ndiye aliyewahi kuzuiwa kushindana katika mbio za barabarani kwa sababu ya nywele zake ndefu. Wanafunzi wasije wakaichukua habari hiyo kuwa hoja mbele ya mwalimu wa nidhamu.

Kutoka katika mbio hizo ndipo ufundi ulipozaliwa. Mashindano yalikuwa mtihani: kila kilichovunjika kilionyesha mahali penye udhaifu. Mwaka 1974 kikundi cha vijana kutoka Cupertino kilikwisha kuonekana Marin na baiskeli za matairi manene zilizofungwa giya, na Fisher naye akafunga giya kwenye ya kwake, ili aweze kupanda mlima na si kushuka tu. Mwaka 1977 Joe Breeze, aliyekuwa fundi wa fremu, aliacha kutegemea fremu kuukuu. Alitengeneza fremu mpya kwa mabomba ya chuma chepesi na imara, akaifunga vifaa vipya kuanzia habu hadi usukani. Baiskeli yake hiyo ya kwanza imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington. Mwaka 1979 Fisher na Kelly walianzisha biashara ya kuuza baiskeli zilizokuwa na fremu za fundi kijana, Tom Ritchey. Msomaji alishike jina hilo la Ritchey, kwa maana litarudi.

Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa baiskeli iliyoitwa Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi nchini Japani. Tangu hapo baiskeli ya milimani haikuwa tena mali ya mafundi wachache. Mwishoni mwa 1984 Waingereza wawili, Nicholas Crane na Richard Crane, walizipandisha baiskeli za namna hiyo hadi kilele cha Kilimanjaro, wakiendesha palipowezekana na kuzibeba mabegani palipowashinda. Mashindano ya dunia yaliyotambuliwa na chama cha kimataifa cha baiskeli yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1990 huko Durango, Colorado. Mwaka 1996 mchezo uliingia katika Olimpiki ya Atlanta, ambako Bart Brentjens wa Uholanzi na Paola Pezzo wa Italia walitwaa medali za dhahabu. Tangu mashindano ya mteremko wa Repack hadi Olimpiki ilipita miaka 20 tu.

Ugomvi wa Njia

Mafanikio hayo yalikuwa na upande wa pili. Watu wengi walipokwisha kuwa na baiskeli, vijia vya Mlima Tamalpais vilijaa. Kwenye kijia chembamba, mzee anayetembea na mkongojo wake hukutana ghafla na kijana anayeteremka kwa kasi. Farasi hushtuka na kumwangusha aliyempanda. Watembeaji na wapanda farasi walikuwa wamevitumia vijia hivyo kwa miaka mingi, nao wakalalamika. Wakuu wa maeneo hayo walivifunga vijia vyembamba kwa baiskeli, na kwenye barabara za wazima moto wakaweka mwendo usiozidi maili 15 kwa saa, yaani kama kilomita 24. Askari wa msitu walisimama na mashine za kupimia mwendo, kama trafiki wa barabara kuu. Mwaka 1984 idara ya misitu ya Marekani nayo ikakaza kanuni kwamba baiskeli haziruhusiwi katika mapori yaliyolindwa kwa sheria ya 1964.

Basi tazameni jambo hilo. Katika wilaya ile ile ambako mchezo ulizaliwa, wenyewe walifungiwa mlango. Wengine walikasirika, wakapita usiku au wakachonga njia za wizi, na kila walipofanya hivyo walimpa mlalamikaji ushahidi zaidi. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na ndivyo ilivyokuwa: kosa la wachache wenye haraka liliwaangukia wote.

Wengine walichagua njia tofauti. Mwaka 1988 vyama vitano vya waendesha baiskeli wa California viliungana na kuunda chama cha kimataifa, kinachojulikana kwa kifupi kama IMBA. Walianza na adabu: mpishe anayetembea, punguza mwendo kwenye kona, usimshtue mnyama, usiache alama. Kisha wakashika jembe. Walikwenda kwa wakuu wa misitu, wakasema: mnazo njia zilizoharibika, hamna fedha wala watu wa kuzitengeneza, sisi tuna mikono. Kuanzia 1997 walikuwa na vikosi vya watu wawili wawili vilivyosafiri kwa gari kutoka jimbo hadi jimbo, vikiwafundisha wenyeji kujenga na kutunza vijia. Sehemu nyingi zilizokuwa zimefungwa au karibu kufungwa zilibaki wazi kwa sababu hiyo.

Adui ni Maji

Yafaa kueleza elimu waliyoieneza, kwa maana inaweza kutumika kwenye kijia chochote, hata kile cha kwendea kisimani.

Watu hudhani kuwa gurudumu ndilo linaloharibu msitu. Uchunguzi uliofanywa Montana, na matokeo yake kutolewa mwaka 1994, ulilinganisha farasi, watu wa miguu, pikipiki na baiskeli kwenye vijia vya mlimani. Ilionekana kwamba kwenye udongo uliolowa, kwato na miguu ziliulegeza udongo kuliko magurudumu. Hiyo haina maana kwamba baiskeli haina madhara. Maana yake ni kwamba adui mkubwa ni maji, na kinachoyapa maji nguvu ni jinsi kijia kilivyowekwa.

Kijia kinachoshuka mlima moja kwa moja ni mfereji. Mvua ikinyesha, maji huifuata njia ile ile, hubeba udongo, na baada ya misimu michache mizizi na mawe hubaki wazi. Wapitaji hukwepa shimo, wakakanyaga pembeni, kijia kikapanuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mjenzi mwenye ujuzi hukizungusha kijia ubavuni mwa mlima. Kanuni yao ni kwamba mwinamo wa kijia usizidi nusu ya mwinamo wa ubavu wenyewe. Kama ubavu unashuka mita 20 katika kila mita 100, kijia kisishuke zaidi ya mita 10. Kwa wastani wa njia nzima, mwinamo hutakiwa uwe asilimia 10 au chini yake. Ukingo wa nje wa kijia huwekwa chini kidogo kuliko wa ndani, kama asilimia 5, ili maji yavuke badala ya kukifuata. Na kila baada ya hatua kadhaa, kijia kinachoshuka hupandishwa kidogo kisha kishuke tena, ili maji yaliyoanza kukusanyika yapate pa kutokea. Jambo la mwisho halihitaji jembe: mvua ikinyesha, watu wasiendeshe mpaka udongo ukauke.

Katika miaka ya 1990 elimu ya namna hii ilitumika sana huko Wales, katika msitu wa Coed-y-Brenin, uliopandwa kwa ajili ya mbao. Idara ya misitu ilijenga vijia vya mawe kwa ajili ya baiskeli, na watu wakaja kutoka mbali. Msitu uliokuwa ukihesabiwa kwa magogo ukaanza kuwaletea wenyeji riziki kwa namna nyingine.

Kwetu sisi habari ya maji na mteremko si ngeni. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara na Uluguru kufanya kazi ya matuta ya kuzuia mmomonyoko. Watu waliichukia kazi hiyo, ghasia zikazuka Uluguru mwaka 1955, na mwishowe mipango hiyo ikaachwa. Ukiiweka habari hiyo kando ya ile ya California, utaona tofauti. Kote kuwili watu walishika jembe ili kuuzuia udongo usiende na maji. Lakini mmoja alilimishwa kwa amri, na mwingine alilima kwa hiari kwa sababu njia aliihesabu kuwa yake.

Kutoka Kahawa hadi Olimpiki

Sasa turudi kwa Tom Ritchey. Mwishoni mwa 2005, akiwa amekwisha kuwa mtu wa makamo na mwenye kampuni iliyojulikana duniani, alifika Rwanda. Katika nchi hiyo ya vilima aliona watu wakibeba mizigo kwa baiskeli za mbao, zilizochongwa kwa mkono, magurudumu na vyote. Mtu aliyeshiriki kuizaa baiskeli ya milimani kwa ajili ya mchezo alikuta mafundi waliozaa ya kwao kwa ajili ya mazao. Mwaka 2006 yakaandaliwa mashindano yaliyohusisha baiskeli hizo za mbao. Kadhalika Ritchey alibuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, kwa kuwa kahawa mbivu ikichelewa kufika kwenye kiwanda cha kuosha huharibika, na bei yake hushuka.

Kutokana na juhudi hizo ilikua timu ya vijana wa Rwanda. Mmoja wao ni Adrien Niyonshuti, aliyezaliwa mwaka 1987 na kupoteza ndugu zake sita katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mwaka 2012 aliibeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi wa Olimpiki ya London, kisha akashindana katika mbio za baiskeli za milimani kwenye vilima vya Hadleigh, Essex. Alimaliza akiwa wa 39. Anayesoma orodha ya matokeo tu ataliona jina lake chini. Anayeijua njia aliyopita ataelewa kwa nini kumaliza kwake kulishangiliwa. Mnamo Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika Afrika.

Msitu Ulioponea Chupuchupu

Nairobi nako kuna mfano wa kutazamwa. Msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,000 ndani ya jiji, ulikuwa hifadhi tangu 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa kwa siri kwa wajenzi wa majumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti huko kama njia ya kupinga, na mwezi wa Januari 1999 walishambuliwa, yeye mwenyewe akajeruhiwa kichwani. Msitu haukuchukuliwa. Sheria mpya ya misitu ya 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kushiriki katika ulinzi, na marafiki wa msitu pamoja na wenyeji wakasaidiana na serikali kujenga uzio na kuweka walinzi. Leo watu hutembea, hukimbia na huendesha baiskeli humo, mahali ambapo zamani wengi waliogopa kuingia. Kila anayepita pale kwa gurudumu amekaribishwa na watu waliopigwa kwa ajili ya miti hiyo.

Neno kwa Vijana na kwa Wazee

Mwalimu mmoja wa hesabu wa Berkeley, Matt Fritzinger, alianzisha timu ya baiskeli za milimani shuleni kwake mwaka 1998. Mwaka 2001 shule kadhaa za California ya Kaskazini ziliingia katika ligi, na mwaka 2009 likaundwa shirika la kuzieneza ligi hizo za sekondari nchini Marekani. Ligi hizo zimewahimiza wanafunzi watoe saa za kazi kwenye vijia wanavyovitumia. Jambo hilo sisi hatuna haja ya kulinunua. Sote tuliopita katika shule za bweni tunajua siku ya kazi za mikono ilivyokuwa, na majembe bado yapo stoo.

Vijana, mkitaka kuendesha baiskeli kwenye vilima vyetu, anzeni kwa kumwuliza mwenye msitu, awe ni serikali ya kijiji au ofisi ya misitu. Nendeni kwanza kwa miguu, mvua ikinyesha, mwone maji yanapita wapi. Rekebisheni kijia kimoja kibovu ambacho akina mama hukitumia kwa kuni na maji, hata kama ninyi hamtakipita. Mkikutana na mtu aliyejitwika mzigo, shukeni, mkae kando, mmsalimu. Mkifanya hivyo kwa mwaka mmoja, sidhani kama kuna mzee atakayesimama kuwazuia.

Wazee wenzangu, nasi tusiwe wepesi wa kufunga njia. Wale wa Marin walikuwa vijana wenye baiskeli kuukuu na grisi mikononi, na majirani wengi waliwaona wahuni. Kama tunayo baiskeli iliyolala ghalani, tuipeleke shuleni pamoja na spana zake. Na kama hatuna baiskeli, jembe hatukosi.